Mbegu Zile Zile, Maji Mengine

Ndugu yangu mdogo alioa miaka miwili baada yangu, na harusi yake haikuwa imetimiza mwaka alipopata mtoto wa kiume. Kwetu sisi Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na watu huhesabu kwamba mzee huyo amezaliwa upya. Siku ya kumtazama mtoto, nyumbani kwetu Kipkelion, baba alimpakata, akavua kofia, akasema, "Basi hata nikienda leo, bado niko hapa."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena nilipiga zaidi ya wote mpaka viganja vikawaka, maana niliogopa mtu asije akaniangalia usoni. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Kazi ya kumzaa baba upya ilikuwa yangu kwanza, na mdogo wangu alikuwa ameifanya bila hata kujua kwamba tulikuwa tukishindana.

Wakati huo nilikuwa na gereji ya pikipiki Litein, kando ya barabara ya kwenda Sotik. Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Ni Mkipsigis wa Roret, mtoto wa watu wa chai, na tulikutana alipoleta pikipiki ya mjomba wake kutengenezwa. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na cherehani yake ilikaa dirishani ili apate mwanga. Kule kwetu, ukishapata mtoto, jina lako linawekwa kando, unakuwa Baba Fulani na mwenzako Mama Fulani. Miaka sita baada ya harusi mimi nilikuwa bado naitwa Fundi, na yeye bado anaitwa Fundi. Wateja walicheka, wakasema nyumba hiyo ina mafundi wawili. Sikuona cha kuchekesha.

Ndugu yangu alikuwa na pickup ya kubeba kabeji na viazi kutoka Kipkelion hadi soko la Litein, kila Jumanne na Ijumaa. Akishashusha mzigo alipita kwetu kunywa chai. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Shemeji akifika kwa ndugu yake asipewe chai, nyumba hiyo itasemwa. Lakini alipopata mtoto wa pili, msichana, akampa jina la mama yetu, nilianza kuona kikombe chake kimekaa mezani kwangu muda mrefu kuliko inavyostahili.

Mke wangu alikwenda hospitalini peke yake kwa miaka miwili. Alipimwa damu, akapimwa homoni, akaangaliwa mayai. Mara moja walimwingizia dawa kupitia njia ya uzazi na kumpiga picha, waone kama mirija iko wazi. Siku hiyo alirudi kutoka Kericho akitembea ameinama, mkono tumboni. Aliyemrudisha ni ndugu yangu, na pickup yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema nina injini mbili ziko wazi na siwezi kufunga gereji. Nilisimama mlangoni nikamwona akimshika mkono shemeji yake kumteremsha, polepole, kama anavyoshikwa mgonjwa. Badala ya kuona aibu, niliona wivu.

"Mirija iko wazi," mke wangu aliniambia alipokwisha kukaa. "Kila kitu kiko sawa. Daktari amesema hataki kuniona tena kama sijakuja na wewe."

"Mimi nina shida gani?"

"Sijui. Ndiyo maana anataka kukuona."

Nilikaa mwezi mzima bila kujibu. Kilichonitoa si huruma, nasema ukweli. Ndugu yangu alipiga simu kusema mke wake ni mjamzito tena, wa tatu. Kesho yake asubuhi nilifunga gereji nikamwambia mke wangu avae twende.

Kliniki ile ilikuwa ghorofani, katikati ya mji wa Kericho, na maabara ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mkuu wa maabara alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na sauti ambayo haikujua kunong'ona. Alinipa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akanionyesha chumba kidogo chenye kiti na kitasa kilicholegea. Sitasimulia ya humo ndani. Nitasema tu kwamba nilisikia watu wakipita nje wakizungumza habari za mvua, na nilichukua muda mrefu.

Nilipompa kikopo, alikiweka juu ya bamba dogo la chuma lenye joto na kuandika saa.

"Tunangoja nusu saa," alisema. "Ikitoka inakuwa imeganda. Lazima iyeyuke kwanza ndiyo niweze kuiangalia."

Mke wangu alikuwa kwa daktari. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Nusu saa ikapita, ikapita saa nzima, na mama wa maabara akatoka mara mbili kuniangalia kama anayetaka kuhakikisha sijatoroka. Mwisho akaniita ndani. Nadhani aliona uso wangu, maana nilipomwomba kuona kwa macho yangu hakukataa.

Alichovya kijiti cha kioo ndani ya kikopo, akakiinua. Shahawa ikavutika kutoka kwenye kijiti kama uzi, ndefu, haikutaka kukatika.

"Unaona? Kawaida ikikaa hapa inakuwa maji, inadondoka tone, tone. Hii yako inavutika kama mboga ya mrenda."

Kisha akanisogezea hadubini. Nilikuwa nimetegemea kuona utupu. Badala yake niliona umati. Vichwa vidogo vyenye mikia, vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na karibu vyote vimekwama. Vingine vilitikisa mkia bila kusonga, kama pikipiki iliyozama tope hadi kwenye ekseli, gurudumu likizunguka pale pale. Katika mbegu kumi labda mbili zilikuwa zinajikokota.

Wakati huo simu ya ukumbini ikalia, yule mama akatoka kuijibu. Pembeni kulikuwa na hadubini nyingine, taa yake inawaka, na kioo kingine kimewekwa tayari. Najua sikuwa na ruhusa. Niliinama nikachungulia.

Zilikuwa zinakimbia. Sina neno lingine. Zilikata mbele yangu kutoka upande hadi upande, moja kwa moja, zikipishana, na kabla sijaifuata moja nyingine ilikuwa imeshapita. Nilitazama mpaka jicho likaanza kutoka machozi. Niliporudi kwenye benchi, kulikuwa na wanaume watatu wamekaa. Mmoja amevaa gambuti zenye matope ya shamba la chai, mmoja na tai, mmoja mzee kidogo aliyesinzia. Sikujua zile ni za nani kati yao. Niliwaonea wivu wote watatu, hasa yule wa gambuti, kwa sababu alikuwa anacheka na simu yake.

Baada ya saa nyingine mama wa maabara aliniita tena. Sasa alikuwa na bomba dogo la kioo mkononi.

"Daktari aliandika nijaribu kuzisafisha," alisema. "Nilichanganya shahawa yako na maji haya yangu. Yana chumvi, sukari na protini, yametengenezwa yakaribiane na maji ya ndani ya mwanamke. Nikaweka kwenye joto. Zenye nguvu zimepanda juu, nikachota hizo. Hebu angalia."

Niliangalia. Zilikuwa zinakimbia kama zile za yule mtu mwingine.

"Hizi ni za nani?" niliuliza.

Alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Za nani tena? Ni zako! Ni zile zile. Nimezibadilishia maji tu."

Akavuta kiti, akanieleza kama mtu anayemweleza mwanafunzi asiye mbaya sana. Mbegu zenyewe, alisema, ni sehemu ndogo mno ya kile kinachotoka. Kingine chote ni maji ya tezi. Tezi za nyuma hutoa sukari, ambayo ni chakula cha mbegu, na hutoa pia kitu cha kugandisha. Tezi iliyo chini ya kibofu hutoa madini ya zinki, na hutoa kitu cha kuyeyusha. Kwanza inaganda, kisha inayeyuka, na hapo ndipo mbegu zinapoachiliwa ziende.

"Yako kuganda inajua, kuyeyuka ndiyo imekataa. Halafu nimeona seli nyingi sana za kupigana na maambukizi. Hizo zikizidi zinaharibu maji, mbegu zinachoka kabla ya safari. Hiyo tezi ya chini imeshambuliwa, pengine zamani, na wewe hukusikia chochote. Si mbegu mbaya, baba. Ni maji."

Daktari alituandikia dawa sote wawili, za wiki kadhaa, na akasema mwili huchukua karibu miezi mitatu kutengeneza mbegu mpya, kwa hiyo nirudi kupimwa baada ya muda huo. Kama maji hayatakuwa yamekaa sawa, alisema, kuna njia ya kuzisafisha mbegu na kumwekea mke wangu ndani siku zake zikifika.

Tukiwa njiani kurudi, mashamba ya chai yakipita dirishani, mke wangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Uliona nini kwa ile mashine?"

"Zimekwama," nilisema.

"Lakini daktari amesema—"

"Nimekwambia zimekwama."

Sijui kwa nini sikumwambia habari za zile zilizokimbia. Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilikuwa nimebeba picha mbili kichwani, na ile iliyonishika ni ya kwanza. Yeye aliniwekea mkono juu ya goti, na wema huo ulinichoma zaidi ya matusi. Kwa miaka sita mama yangu na shangazi zangu walikuwa wamemtazama yeye tumbo. Sasa alijua, na hakuniambia hata neno moja la kulipiza.

Dawa nilizimeza zote. Kurudi kupimwa sikurudi. Miezi mitatu ilipokwisha nilimwambia mke wangu kwamba msimu wa mvua umeharibu pikipiki nyingi na sina nafasi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuona tena ule umati uliokwama.

Krismasi tulikwenda Kipkelion. Ndugu yangu alikuwa na mtoto wa tatu mkononi, mwingine mgongoni, wa kwanza amekaa kwa baba. Tulikuwa tunakula nyama. Mtu fulani, binamu yetu, akauliza kwa mzaha sisi wa Litein tunangoja nini. Kabla sijajibu, ndugu yangu akasema, "Kaka akitaka nimfundishe, aseme tu!"

Watu wakacheka. Nilicheka mimi pia. Mke wangu hakucheka, aliinuka akaenda jikoni. Baada ya muda mfupi ndugu yangu naye akainuka, akaenda jikoni.

Walikaa huko dakika tano. Nilizihesabu.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpelelezi wa nyumba yangu mwenyewe. Jumanne na Ijumaa niliacha spana nikapita nyumbani kwa kisingizio cha kutafuta simu au kitambulisho. Kila mara nilikuta kitu kile kile. Pickup iko nje, mlango uko wazi kabisa, ndugu yangu kwenye kiti na kikombe, mke wangu kwenye cherehani akishona. Wakiniona walinyamaza. Kunyamaza huko ndiko nilikokula mchana kutwa. Mara moja pickup yake iliharibika gia, nikaitengeneza mimi mwenyewe gerejini, na wakati nimelala chini yake nikimwagikiwa na oili, yeye alikuwa nyumbani kwangu tangu saa sita hadi saa kumi. Aliporudi alikuwa amepigwa pasi shati.

"Shemeji amekataa niende na lile lililokunjamana," alisema, akicheka.

Wiki chache baadaye mke wangu alikuja gerejini. Huwa haji. Alisimama kando ya pikipiki niliyokuwa nimeifungua, akangoja mteja aondoke, kisha akaniambia ana mimba. Alikuwa amepima mara mbili nyumbani, na asubuhi hiyo akaenda zahanati wakapima tena. Uso wake ulikuwa unang'aa, midomo haikujua itulie vipi.

"Ya lini?" niliuliza.

Hilo ndilo neno la kwanza nililosema. Hakusema anajisikiaje, maana sikumwuliza. Niliuliza tarehe. Aliitaja, na nilipohesabu kurudi nyuma nikafika kwenye wiki ya gia na shati lililopigwa pasi. Alinitazama, akafikiri ni mshtuko wa furaha, akanishika mikono yenye grisi.

Kesho yake nilikwenda Kericho peke yangu. Sikumuaga mtu. Mama wa maabara alinikumbuka kabla sijasema.

"Mrenda!" alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Ulipotelea wapi? Ulikuwa urudi miezi mingapi iliyopita?"

Nikampa kikopo. Safari hii nusu saa haikwisha, akaniita. Aliinua kijiti mbele yangu. Tone likaanguka, likafuatwa na jingine, safi, bila uzi.

"Maji yamerudi kuwa maji," alisema, akanisogezea hadubini.

Zilikuwa zinakimbia. Si zote, nyingine bado zilizunguka mahali pamoja. Lakini zilikuwa nyingi, na hakuna mtu aliyezisafisha. Nilitazama kwa muda, nikingoja moyo utulie, na haukutulia.

"Sasa tumwandikie mke wako aje tupange siku zake," mama yule alisema. "Mke wako yuko aje?"

"Ana mimba."

Alivua miwani, akaiacha ining'inie. Kwa mara ya kwanza alipunguza sauti.

"Kwa hiyo leo umekuja kupima mbegu, ama umekuja kumpima yeye?"

Nilisogeza hadubini nyuma. Alifunga kikopo, akatupa kijiti, akanawa mikono bila haraka, kisha akakaa mbele yangu.

"Sikiza. Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi. Wanaume wanadhani hizi vitu zinaenda kwa nguvu zao. Haziendi kwa nguvu zao. Zikiingia ndani ya mwanamke zinakutana kwanza na asidi, nyingi zinafia hapo. Karibu siku zote mlango wa kizazi umefungwa na ute mzito, hakuna inayopita. Ni siku chache tu kwa mwezi ule ute unakuwa mwepesi, unavutika kama ute mweupe wa yai bichi, unazipa njia. Huko juu kwa mirija kuna maji mengine tena, hayo ndiyo yanazifanya zipige mkia kwa nguvu mwisho wa safari. Kwa hiyo kama ulifika, ni huyo mama aliyekubeba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na usiniulize mtoto ni wa nani. Hii hadubini haijui. Inajua tu ulicho nacho kinatembea. Hayo mengine utaamua mwenyewe kuamini ama kutoamini, na hakuna maabara itakusaidia."

Alinipa fomu ya majibu. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, na nilipofika Litein nilimnunulia mke wangu parachichi na machungwa. Nilijiona nimemaliza. Nilikuwa nimeamua kuamini, na nilidhani kwa sababu nimeamua kimya, basi hata kosa litabaki kimya.

Jaketi lile lilikuwa limechanika bitana. Nimeoa fundi wa nguo. Siku ya tatu nilirudi nyumbani jioni nikalikuta limeshonwa vizuri, limekunjwa juu ya kiti, na ile fomu iko juu yake. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani, mikono imelala tu mapajani.

"Tarehe ni ya siku moja baada ya mimi kukuambia," alisema.

"Nilitaka tu kujua kama dawa zilifanya kazi."

"Miezi mitatu nilikuomba uende. Ulisema una pikipiki nyingi. Nilipokuambia nina mimba, ukapata nafasi asubuhi yake." Alikuwa hapazi sauti. "Ulifikiri ni nani?"

Niliichukua ile fomu nikaikunja. Aliniangalia, na nikaona jina likimjia mwenyewe, bila mimi kulitaja. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Huyo," alisema. "Huyo ambaye nimemlilia hapa, kwa hiki kiti, akuambie uende hospitali kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kukuambia mara ya pili. Na yeye pia alikuwa anakuogopa."

Kesho yake mjomba wake alikuja na gari, wakapakia cherehani na nguo za wateja, akarudi kwa mama yake Roret. Hakugombana nami. Aliniachia hata majani ya chai kwenye kopo na unga wa ugali, kama mtu anayesafiri siku mbili.

Jumapili nilikwenda Kipkelion kumweleza ndugu yangu, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye amechuchumaa, na nilimweleza yote, mpaka habari za shati. Hakuacha kukamua. Maziwa yalipoisha aliinuka, akaweka ndoo juu ya ukuta mahali ng'ombe hawezi kuifikia.

"Ule mzaha wa Krismasi," alisema, "nilijuta kabla sijamaliza kuusema. Nilimfuata shemeji jikoni kumwomba msamaha. Wewe nilikuwa nangoja nikuombe siku ukiwa na roho nzuri. Nikangoja mpaka nikachoka."

"Nisamehe."

"Sijui," alisema. "Leo sijui. Baba na mama yetu ni wamoja, kaka. Ungeniuliza."

Akachukua ndoo akaingia ndani. Kwa miezi kadhaa nilimwona kila Jumanne na Ijumaa akipita mbele ya gereji na kabeji zake, macho mbele, hapigi hata honi. Na hata hapo, naona haya kuliandika, nilipomwona na mtoto wake wa kwanza amekaa kando yake kwenye pickup, bado kitu kilinikaza kifuani. Kujua kwamba wivu ni wa uongo hakuufukuzi siku hiyo hiyo.

Jumamosi nilianza kwenda Roret. Mara ya kwanza mke wangu hakutoka nje. Mama yake alikuwa shambani, kikapu mgongoni, akichuma chai. Nilimsalimu, "Chamgei," akaitikia bila kuinua uso. Nikaomba kikapu. Akaniletea cha zamani chenye mkanda uliounganishwa kwa kamba, na tukachuma mstari mmoja, yeye upande huu, mimi ule. Alikuwa na mikono miwili inayochuma kwa wakati mmoja, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na mimi nilikuwa nachuma mpaka mashina. Alinirudishia yaliyokuwa mabaya, moja moja. Tulifanya hivyo Jumamosi tano. Ya sita aliniuliza swali moja tu.

"Unajua kwamba ni wako?"

"Hakuna aliyenithibitishia," nilisema. "Ninamwamini yeye."

"Hilo ungeanza nalo," akasema, akaendelea kuchuma.

Siku hiyo mke wangu alitoka na chai. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alikaa kwenye jiwe, mbali kidogo, na nikamweleza nilichomficha tangu mwanzo: kwamba siku ile ya kwanza niliziona zikikimbia, katika maji safi, zile zile zangu, na sikumwambia. Nilimweleza alichosema mama wa maabara kuhusu asidi na ute na maji ya mirija. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kazi yote nilifanya mimi," alisema.

"Karibu yote."

Hakucheka, lakini alinijazia kikombe tena. Alirudi Litein mwezi wa saba wa mimba, kwa masharti yake. Moja lilikuwa kwamba nisipite tena nyumbani kutafuta simu ambayo haijapotea.

Tulipata msichana. Ndugu yangu alikuja siku ya nne, yeye na mke wake na kabeji tatu, akasimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie. Mama yetu alikuwepo, na mama wa Roret pia, wawili wamebanana kwenye kochi moja. Mtoto alizungushwa mkono kwa mkono. Alipofika kwa mama yangu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Jamani, si ni baba yake mdogo mtupu! Angalieni hiki kipaji cha uso!"

Watu wakacheka, maana kweli ilikuwa hivyo. Ndugu yangu alitazama sakafu. Mke wangu hakumtazama mtoto wala mama yangu. Alinitazama mimi, bila kupepesa, kuona uso wangu utafanya nini.

Sikuwa nimepona. Nilisikia kile kitu kikijikaza pale pale kifuani kinapojikaza siku zote. Lakini nilikwenda nikamchukua binti yangu kutoka kwa mama, nikamtazama vizuri kile kipaji, kirefu, kilichotoka mbele kidogo, na nikampelekea ndugu yangu mikononi.

"Ni kweli," nilisema. "Ni kile cha baba. Sisi sote tunacho."

Alimpokea kwa mikono miwili. Mke wangu aliendelea kunitazama kwa muda, kisha akaniomba niongeze maji ya chai jikoni, nikaenda.